Manyoya kwenye Leso ya Wanza

Siku ya soko pale Kabati, kijana mmoja wa mitumba, wa umri wa wajukuu zangu, alinirushia koti. "Shika, susu, hii ni ya baridi. Kola yake ni manyoya ya kweli."

Nikashika. Kola ilikuwa ya kijivu, na ukiipuliza unaona kila unywele chini una rangi ya moshi, katikati mweupe, ncha nyeusi. Sikuwa nimegusa kitu kama hicho tangu nikiwa msichana wa kufungia ndama. Nikalirudisha koti haraka, na nilipojiangalia nikaona manyoya mawili matatu yameshikilia leso yangu hapa kifuani. Sijui ni nini kilinipata. Nilijipangusa kwa mikono miwili kama mtu aliyeingiliwa na siafu, huku naangalia nyuma kama kuna aliyeniona.

Yule kijana akacheka. "Susu, hayo hayaumi! Mwenyewe alikufa zamani."

Ni kweli, alikufa zamani. Lakini jina lake nalikumbuka, na jina la mwanamke aliyempakata pia nalikumbuka, na hilo ndilo lililonifanya nirudi nyumbani bila kununua chumvi niliyoendea.

Kwetu ni Emali. Si pale stesheni, ni nyuma kule, ambako treni ikilia unajua ni saa ya kutoa mbuzi. Baba yangu, Mutiso wa Nzioka, alikuwa Nairobi akifanya kazi ya bustani kwa mzungu mmoja. Nyinyi wa umri wangu mnakumbuka vile wazungu walivyokuwa wakiondoka wakati ule, huyu akiuza, yule akigawa, na wanaume wetu wakawa wanarudi nyumbani na vitu. Muindi alirudi na baisikeli. Kilonzo akarudi na cherehani ya mkono. Nzuki, ambaye hata kusoma saa hakujua, akarudi na saa ya ukuta, ikilia mbuzi wao wanashtuka. Kwa hivyo tuliposikia baba naye anarudi, susu yangu Syombua, mama yake baba, alifagia uwanja mara mbili, na mama akaenda kuazima kikombe chenye mkono.

Baba alikuja amebeba boksi la mbao kichwani, na nyuma yake nusu ya kijiji. Lilikuwa boksi la chai lililotobolewa matundu. Watu wakasema ni redio. Mwingine akasema redio haitobolewi, hiyo ni gramafoni. Baba akaliweka chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akatoa kifuniko, na ndani yake kukawa na masikio mawili.

Susu akainama. "Mutiso, mwanangu, huyu si sungura?"

"Ni sungura, mwaitu. Lakini si wa huku. Huyu anaitwa chinchila."

Muindi alikuwa ameegemea baisikeli yake. "Si ungetuma neno tu! Ningekushikia hata watano kwa kunde zangu, bure, bila nauli ya treni."

Watu walicheka mpaka Nzuki akakaa chini. Kwetu sungura alikuwa ni mwizi wa shamba, na kitoweo cha wavulana wachungaji. Mtu kumpandisha treni kutoka Nairobi, tena akamshika kwenye mapaja njia nzima, halikuwa jambo lililowahi kuonekana. Baba alingoja kicheko kiishe, halafu akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba wanawake wa kizungu hushona makoti kwa manyoya ya huyo, na kwamba koti moja tu linanunua ng'ombe. Huyu alikuwa jike. Rafiki yake mmoja angemletea dume, wazaane, na hapo ndipo tungeona nani atacheka.

Mjukuu wangu mmoja ameniambia juzijuzi kwamba mnyama wa makoti hayo ni mwingine kabisa, mdogo, wa nchi za mbali, na kwamba wa baba alikuwa sungura tu aliyefanana naye rangi. Nilimwomba asilirudie jambo hilo mbele ya kaka zangu. Hatukuwahi kuuza hata kola moja, na hilo linatosha.

Mimi ndiye niliyepewa kumtunza. "Wewe ndiye mama yake," baba aliniambia, na mimi nikalichukua neno hilo kama lilivyo. Nilimwita Memsabu, kama walivyoitwa wake za wazungu, kwa sababu ya koti lake. Baba alilaza lile boksi kwa ubavu juu ya miti minne, akaweka waya mbele, na upande mmoja akaufunika kwa mbao uwe na giza la kulalia. Mimi nilitafuta majani, nikafagia mavi yake, nikamtilia maji kwenye mkebe. Maji yenyewe tulikuwa tunachimba mchangani, unakaa pale unangoja yajae kwenye kibuyu kama machozi. Wasichana wenzangu walikuwa wananiuliza pale kisimani, "Hayo ni ya wageni ama ni ya sungura?" Nilisema ni ya wageni. Nilimpenda Memsabu nikiwa nyumbani, na nikiwa nje nilimwonea haya, kama vile nilivyomwonea baba yangu.

Mtu ambaye hakucheka alikuwa mmoja. Wanza, mke wa Kimeu, boma lililopakana na letu. Wanza alikuwa ameolewa akitoka Kikima, kule Mbooni kwenye ukijani, na miaka ilikuwa imepita bila ya mtoto. Alipita kwetu karibu kila jioni na fungu la mchunga, ile mboga chungu inayoota yenyewe shambani, amelifunga kwa uzi wa mkonge. "Mpe mgeni wako," alikuwa akisema. "Watu hucheka kitu wasichokijua. Siku wakikijua, wanakuja kukiomba mbegu."

Jioni moja nilikuwa nasafisha boksi, nikamwambia, "Wanza, nishikie." Akampakata Memsabu kifuani, ndani ya mkunjo wa leso, na yule sungura ambaye aliwakwaruza kaka zangu wote akalaza masikio akatulia. Wanza alimpapasa muda mrefu. "Amekuwa mzito siku hizi," akasema. "Ni mchunga wako," nikamwambia, na tukacheka wote wawili. Nakumbuka nilimwacha amshike hata baada ya mimi kumaliza, kwa sababu niliona anapenda.

Asubuhi iliyofuata Memsabu alikuja kwenye waya kuomba majani kama kawaida, akasimama kwa miguu ya nyuma, na nikaona kifua chake hakina nywele. Kifua na tumbo, vyote, ngozi nyekundu tupu. Nilipiga kelele mpaka mama akatoka na mwiko mkononi.

Baba alikuja akiwa bado anafunga mkanda. Alimtazama yule sungura, na mimi nikamtazama yeye, na uso wake nikauona ukirudi nyuma mpaka siku ile ya boksi na kicheko. Maana manyoya ndiyo yaliyokuwa mali. Bila manyoya, ni kweli alikuwa ametoka Nairobi na kitoweo.

Susu ndiye aliyesema. Kwetu, nyinyi mnajua, nywele hazitupwi ovyo. Ukinyolewa, unazika, kwa sababu anayezipata amekupata wewe. "Hizi zimenyofolewa," susu akasema. "Si ugonjwa huu. Mbuzi mwenye upele huwa na magamba. Hapa kuna mkono wa mtu. Ameona nyumba hii inataka kuinuka, akachukua nywele akaifunge." Akakataza mtu yeyote kuingiza mkono kwenye lile boksi. Majani yatupwe kwa juu, maji yamiminwe kwa waya, basi.

Mimi katika akili yangu ya kitoto sikufikiria uchawi hata kidogo. Nilifikiria koti. Nilidhani kuna mtu ameanza kulishona. Jumapili hiyo kanisani sikusikia neno la mhubiri, nilikuwa naangalia shingo za wanawake, moja baada ya nyingine, natafuta kola ya kijivu.

Susu alitafuta kwa macho mengine, na akapata kabla yangu. Wanza alikuja na mchunga wake kama kawaida, na kwenye leso yake, pale kifuani, kulikuwa na manyoya. Hakuwa ameyaficha. Nani alikuwa anafua leso kila siku, na maji ya kuchimba? Susu hakumsalimia. Alitazama tu pale kifuani, kisha akatazama tumbo lake lisilowahi kubeba, na Wanza akafuata yale macho, akajiangalia, akaona. Akaliweka fungu lake chini, akaondoka.

Waliitwa jioni ya siku ya pili, yeye na Kimeu mumewe, wakakaa uwanjani petu kwenye viti vya miguu mitatu. Susu aliongea kwanza, akazunguka sana, akataja mvua, akataja mbuzi walioharibu mimba, mwishowe akafika kwenye leso. Halafu nikaitwa mimi.

Baba akaniuliza, "Wanza alimshika sungura?"

"Alimshika."

"Haya. Rudi kwa mama yako."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sisi tulilelewa kujibu lililoulizwa na kunyamaza. Kwamba mimi ndiye niliyemwambia amshike, kwamba alimrudisha na manyoya yake yote, hayo hakuna aliyeyauliza. Nilisimama pale kidogo, mdomo wazi, baba akanitazama, nikarudi kwa mama. Wanza alinisindikiza kwa macho. Hayakuwa macho ya hasira. Alikuwa anangoja niongeze.

"Leteni kithitu," Wanza akasema.

Kithitu, kile chombo cha kuapia cha wazee wetu, si mchezo. Ukiapa uongo mbele yake, si wewe peke yako unayekufa, ni nyumba yako yote na watu wako mpaka wa mbali. Mtu hakiitishi kama anaitisha maji.

Baba akakohoa. "Sisi hapa ni watu wa kanisa, Wanza. Mambo hayo tuliyaacha."

"Kanisa mlikuwa mmeliweka wapi mliponiita mchawi?"

Kimeu alikuwa ameinamisha kichwa, anachora mchanga kwa fimbo. Ningependa kuandika kwamba alisimama na mke wake. Alisema tu, bila kuinua uso, "Itakuwa afadhali aende kwao kwanza, watu watulie," na Wanza akageuka akamtazama kama mtu aliyeguswa begani na mgeni. Wakamtumia kaka yake neno Kikima aje amchukue.

Baada ya hapo nyumba yetu ilitulia, lakini ulikuwa utulivu wa nyumba yenye mgonjwa. Baba hakuenda sokoni. Mimi nilitupa majani kwa juu kama nilivyoagizwa, na Memsabu aliyala kwa haraka haraka na kurudi gizani.

Halafu mchana mmoja wa jua kali niliinama kumimina maji, nikasikia sauti. Ndogo, kama ya panya. Nilichungulia upande wa giza. Pale pembeni palikuwa na rundo la nyasi, na juu ya nyasi kitu cha kijivu, laini, na hicho kitu kilikuwa kinapumua. Sikukumbuka katazo la susu. Niliingiza mkono. Ilikuwa moto mle ndani, moto wa kupendeza. Ni manyoya yake, yote, yamepangwa kama kiota cha ndege, na chini yake kuna vitu kama vidole, uchi, vimefumba macho, vikasogea kwenye kiganja changu.

Mama alikuja, akainua yale manyoya kidogo, akafunika tena. Mama yangu Kalekye hakuwa mtu wa maneno. "Amejivua mwenyewe," akasema. Kisha, "Mwite baba yako."

Memsabu alikuwa ametoka na mimba Nairobi. Kule kwa yule mzungu madume yalikuwepo, na hakuna aliyefikiria, kwa sababu sote tulikuwa tunangoja dume la yule rafiki.

Mimi nilikimbia kwa baba nikiruka. "Baba, wamezaliwa! Wamezaliwa!" Nilidhani atafurahi. Si ndio watoto aliokuwa akiwangoja? Si ndio makoti? Alikuja, akatazama, akakaa chini mchangani na suruali yake ya Nairobi. Nikasimama pale na kicheko changu, sijui nikiweke wapi.

Susu naye alitazama kwa muda. "Funika," akasema. "Wakikua tutasema dume lilikuja."

"Na Wanza?" mama akauliza.

Susu akaanza kuokota vijiti uwanjani, vijiti ambavyo havikuwepo.

"Kaka yake anafika kesho," mama akasema tena. "Mutiso, nenda."

"Niende na uso gani?"

Badala ya kwenda, alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nahisi masikio yanawaka. Alichukua mmoja wa wale watoto, akamfunika kwa manyoya ya mama yake, akamweka kwenye kiondo kidogo, akanipa. "Mpelekee Wanza. Mwambie ni zawadi. Atajua mwenyewe."

Nilienda. Nilifurahi kutumwa, hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo. Nilimkuta Wanza mbele ya nyumba yake akifunga vyombo: sufuria, mwiko, kiti chake cha kukalia. Leso ilikuwa imefuliwa, imeanikwa juu ya ua, maji ya siku nzima ya kuchimba. Nikamfungulia kiondo.

Alitazama. Akaingiza kidole, akagusa manyoya, akayafungua, akaona. Kitu kama tabasamu kikaja kwenye mdomo wake, kisha kikaondoka.

"Kumbe alikuwa anatandika kitanda," akasema, lakini hakuwa anasema na mimi. Halafu akaniuliza, "Wako wangapi?"

"Watano, pamoja na huyu."

"Baba yako amesema nini?"

"Amesema ni zawadi. Amesema utajua mwenyewe."

"Nitajua nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilichobeba. Si sungura. Nikaangalia miguu yangu, vumbi lililokuwa juu yake, na nikatamani niwe nimebeba maji, kuni, chochote kingine.

Wanza alimfunika yule mtoto, akakunja mdomo wa kiondo. Sauti yake ilikuwa ile ile ya jioni zote. "Anapoa huyu. Mtoto hatolewi kwa mama yake akiwa hajafumbua macho. Kimbia, mrudishe. Na umwambie Mutiso mimi niko hapa mpaka kesho asubuhi. Miguu anayo."

Nilikimbia nikiwa nimekikumbatia kile kiondo. Mtoto alifika hai. Maneno nayo niliyafikisha yote, hata la miguu, mbele ya mama na susu. Baba alivaa koti lake, akatembea mpaka mlango wa boma, akasimama pale akishika mti wa ua. Alisimama sana. Muindi alipita na baisikeli yake akamsalimia, baba akajifanya anakagua miiba ya ua. Kisha akarudi, akasema giza linaingia, ataenda asubuhi.

Asubuhi alinyoa ndevu. Alichukua kuku mweupe, akamfunga miguu, akaondoka kabla ya chai. Hakukawia. Alirudi na yule kuku bado yuko kwapani. Kaka yake Wanza alikuwa amefika alfajiri, wakaondoka kuwahi lori. Kimeu alikuwa amekaa peke yake mlangoni, na hakumkaribisha.

Wanza sikumwona tena. Tulisikia baadaye kwamba anauza maharagwe Kikima na kwamba yuko salama. Baba alienda huko mara moja, miaka mingi baadaye, akarudi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Lakini ile asubuhi haikuishia kwa kuku. Nilipoenda kwenye boksi nilikuta kitu juu ya mbao. Fungu la mchunga, kubwa kuliko yote aliyowahi kuleta, bado lina umande, limefungwa kwa uzi wa mkonge. Alikuwa amepita kwetu akielekea kwenye lori, amebeba vyombo vyake, sisi tukiwa ndani.

Tulisimama pale sote. Susu alilitazama lile fungu, akaingia nyumbani kwake akavuta mlango. Mama akajifuta macho kwa mkono wenye unga. Baba alibaki ameshika kuku.

"Mpe," akaniambia mwishowe. "Ananyonyesha."

Nikafungua ule uzi, nikampa Memsabu jani moja moja. Alikula akiwa amesimama, kifua wazi, na kwa vile hakuna aliyekuwa anaongea, kutafuna kwake kulisikika uwanja mzima.